Kutoka Orodha za Vifo hadi Faili la Mgonjwa: Historia ya Misimbo ya Magonjwa

Msimbo wa ugonjwa ni alama fupi ya herufi na tarakimu inayosimama badala ya jina la ugonjwa katika kumbukumbu za hospitali. Katika toleo la kumi la uainishaji wa kimataifa, kipindupindu ni A00, shinikizo la damu lisilo na chanzo kinachojulikana ni I10, na malaria ya vimelea vya Plasmodium falciparum iliyopanda kichwani ni B50.0. Mgonjwa anaporuhusiwa kutoka wodini, au anapofariki, afisa kumbukumbu za afya hufungua faili lake, husoma alichoandika daktari, kisha huweka msimbo unaolingana nacho. Kuanzia hapo ugonjwa huo unaweza kuhesabiwa pamoja na yote yanayofanana nao, yawe yaliandikwa Kigoma, Mombasa au Lima, na kwa lugha yoyote ile.

Historia ya kazi hii inafikia karibu miaka mia nne. Ilianza kwa kuhesabu wafu, ikahamia kwa wagonjwa walio hai, kisha ikafungamana na malipo ya matibabu. Katika kila hatua yamejirudia maswali mawili: aliyeandika jina la ugonjwa alijua nini, na aliandika kwa ajili ya nani? Ubora wa misimbo umetegemea majibu ya maswali hayo kuliko ulivyotegemea vitabu na mitambo.

Wafu wa London

Katika karne ya 16 jiji la London lilikuwa likishambuliwa na tauni mara kwa mara. Wakuu wa jiji walihitaji kujua mapema ugonjwa unapoanza kuenea, hivyo makarani wa parokia wakaagizwa kuandika idadi ya waliozikwa. Tangu mwaka 1603 orodha hizo zilitolewa kila wiki bila kukatika, na tangu 1629 zilichapishwa pamoja na sababu za vifo.

Waliotaja sababu hizo hawakuwa madaktari. Walikuwa wanawake wenye umri mkubwa, wengi wao maskini, walioapishwa na parokia ili wakague maiti nyumbani na kuuliza jamaa wa marehemu. Waliandikisha walichokiona na walichoambiwa: homa, uzee, meno kwa watoto wachanga, hata huzuni na hofu. Nyingi ya sababu hizo kwa macho ya leo ni dalili tu, au ni hali aliyokuwa nayo marehemu, lakini zilikusanywa kwa utaratibu uleule wiki baada ya wiki, na utaratibu huo ndio uliozipa thamani.

Aliyeitambua thamani hiyo ni John Graunt, mfanyabiashara wa nguo na vifaa vya kushonea, aliyechapisha uchambuzi wake mwaka 1662. Alikadiria kwamba kati ya watoto 100 waliozaliwa, 36 walifariki kabla ya kutimiza miaka sita. Aligundua pia kasoro ambayo bado inaisumbua kazi hii. Vifo vya kaswende vilivyoandikwa vilikuwa vichache mno kulingana na jinsi ugonjwa ulivyoenea. Graunt alieleza kwamba wakaguzi walipewa pombe na bahashishi ili waandike jina lingine, na familia ikaokoka na fedheha. Takwimu za London, basi, zilikuja pamoja na ushahidi kwamba jina la ugonjwa linaweza kubadilishwa kwa manufaa ya mtu.

Majina mengi, ugonjwa mmoja

Katika karne ya 18 wataalamu walijaribu kuyapanga magonjwa kama mimea inavyopangwa, kwa matabaka na jamii. François Boissier de Sauvages wa Montpellier alitoa kitabu chake kikuu cha uainishaji mwaka 1763. Carl Linnaeus, mwainishaji mashuhuri wa mimea, naye alitoa chake, na William Cullen wa Edinburgh akafuata mwaka 1769 kwa mpango mfupi zaidi. Mipango hiyo iliwafaa walimu wa udaktari. Haikumfaa karani mwenye maelfu ya vyeti vya vifo mezani, kwa sababu iligawa magonjwa kwa dalili ndogondogo ambazo vyeti havikuzitaja.

Uingereza na Wales zilianza kuandikisha vizazi na vifo kiserikali mwaka 1837, na uchambuzi wa takwimu ukakabidhiwa William Farr, daktari aliyezaliwa katika familia maskini ya wakulima. Tangu ripoti ya kwanza, ya 1839, Farr alilalamika kwamba ugonjwa mmoja huitwa kwa majina matatu au manne, na jina moja hutumiwa kwa magonjwa kadhaa tofauti. Aliona kwamba majina sanifu ni muhimu kwa sayansi ya afya kama vipimo vya uzito na urefu vilivyo muhimu kwa sayansi nyingine.

Mkutano wa kwanza wa kimataifa wa takwimu, uliofanyika Brussels mwaka 1853, ulimpa Farr na Marc d'Espine wa Geneva kazi ya kutayarisha orodha moja ya sababu za vifo. Miaka miwili baadaye, mjini Paris, wawili hao walileta orodha mbili. D'Espine alipanga magonjwa kwa asili yake, kadiri asili hiyo ilivyoeleweka wakati ule. Farr aliyagawa katika makundi makubwa matano: magonjwa ya mlipuko, magonjwa ya mwili mzima, magonjwa ya kiungo fulani, magonjwa ya ukuaji, na madhara ya ajali na ukatili. Wajumbe walipatana kwa orodha ya vichwa 139 iliyochanganya mipango yote miwili. Mpango wa Farr haukushinda siku ile, lakini ndio uliodumu. Hata leo uainishaji wa kimataifa hutenga kwanza magonjwa ya kuambukiza, kisha hufuata mifumo ya mwili, na huweka majeraha katika sura yake.

Hospitali nazo zilidaiwa hesabu. Mwaka 1860, mkutano wa kimataifa wa takwimu ulipofanyika London, Florence Nightingale aliwasilisha mpango wa fomu sanifu za takwimu za hospitali: walioingia, waliopona, waliofariki, muda waliolala wodini, na ugonjwa wa kila mmoja. Alitaka ijulikane kama hospitali inaponya au inaua. Fomu zake zilijaribiwa katika baadhi ya hospitali lakini hazikukita mizizi, kwa kuwa kila hospitali iliyataja magonjwa kwa desturi yake.

Orodha ya Bertillon

Makubaliano yaliyodumu yaliletwa na Mfaransa Jacques Bertillon, mkuu wa idara ya takwimu ya jiji la Paris. Mwaka 1891 Taasisi ya Kimataifa ya Takwimu, ikikutana Vienna, ilimweka kuongoza kamati ya kutayarisha orodha mpya. Aliiwasilisha Chicago mwaka 1893 kwa urefu wa aina tatu: vichwa 44, vichwa 99 na vichwa 161. Nchi yenye watumishi wachache ingeweza kutumia orodha fupi na bado takwimu zake zikalingana na za nchi iliyotumia orodha ndefu. Busara hiyo ingali hai katika kila mfumo wa afya unaotumia orodha fupi katika zahanati na orodha ndefu katika hospitali ya rufaa.

Mwaka 1898 chama cha afya ya jamii cha Marekani kilipendekeza orodha hiyo itumiwe Canada, Mexico na Marekani, na irekebishwe kila baada ya miaka kumi. Ufaransa iliitisha mkutano wa kwanza wa marekebisho Paris, Agosti 1900, ukahudhuriwa na wajumbe wa nchi 26. Marekebisho mengine yakafuata mwaka 1909, 1920, 1929 na 1938.

Wakati huohuo namba zilianza kupata kazi mpya. Mashine ya kuhesabu kwa kadi zenye matundu, iliyobuniwa na Herman Hollerith, ilijaribiwa kwa takwimu za vifo za jiji la Baltimore kabla haijatumika katika sensa ya Marekani ya 1890. Mashine haikuweza kusoma neno, ila iliweza kusoma tundu lililotobolewa mahali palipokubaliwa. Namba iliyokuwa mwanzo ya kupanga vichwa vya orodha sasa ikawa ndiyo inayoubeba ugonjwa wenyewe.

Kutoka makaburini hadi wodini

Orodha ya Bertillon ilihusu vifo tu, ilhali wengi wanaoingia hospitali hutoka wakiwa hai. Ili ugonjwa wa aliyepona uhesabiwe, kwanza ilibidi kumbukumbu yake ipatikane. Hospitali nyingi ziliandika wagonjwa katika rejesta za wodi au daftari la kila daktari, na mtu aliyelazwa mara tatu aliweza kuwa na habari zake katika madaftari matatu. Mwaka 1907 Henry Plummer wa Mayo Clinic, Marekani, alianzisha utaratibu wa kumpa kila mgonjwa namba moja na jalada moja la kumfuata katika kila idara. Masjala ya hospitali kama inavyojulikana leo ilitokana na fikra hiyo. Mwaka 1928 watunza kumbukumbu za hospitali wa Amerika Kaskazini waliunda chama chao, na rais wake wa kwanza akawa Grace Whiting Myers wa Massachusetts General Hospital. Kazi iliyoonwa kuwa ya ukarani ikaanza kuwa taaluma.

Badiliko kubwa lilikuja mwaka 1948, Shirika la Afya Duniani lilipopokea jukumu la orodha ya kimataifa na kutoa toleo la sita. Kwa mara ya kwanza orodha hiyo ilijumuisha magonjwa yasiyoua. Toleo hilo pia liliweka cheti cha kimataifa cha sababu za kifo, pamoja na kanuni ya kuchagua sababu ya msingi: ugonjwa au jeraha lililoanzisha mfululizo wa matukio uliomfikisha mtu kwenye kifo.

Kanuni hiyo hueleweka vizuri kwa mfano. Mgonjwa wa homa ya matumbo hutoboka utumbo, uchafu humwagika tumboni, utando wa tumbo hupata uambukizo, naye hufariki. Daktari huandika uambukizo wa utando katika mstari wa kwanza wa cheti, kutoboka kwa utumbo katika wa pili, na homa ya matumbo katika wa tatu. Kinachohesabiwa katika takwimu za taifa ni homa ya matumbo, A01.0, kwa kuwa maji safi na choo bora vingezuia mfululizo wote. Daktari akiandika tu kwamba moyo ulisimama, afisa hana budi kuweka msimbo wa moyo kusimama. Kila anayekufa moyo wake husimama, kwa hiyo msimbo huo haumwelekezi mpanga mipango popote.

Toleo la kumi, lililopitishwa mwaka 1990 na kuanza kutumika 1994, liliacha tarakimu tupu na kuanza kila msimbo kwa herufi, ili kupata nafasi ya magonjwa mengi zaidi. Lina juzuu tatu: orodha ya misimbo, kitabu cha kanuni, na faharasa ya majina. Afisa makini huanza na faharasa, kisha huhakiki msimbo katika orodha yenyewe, kwa sababu chini ya kila kichwa kumeandikwa kinachohusika na kisichohusika. Anayeishia kwenye faharasa hukosea kwa urahisi.

Afrika Mashariki

Mfano mzuri wa nguvu ya kumbukumbu zilizotunzwa unatoka Kampala. Albert Cook, daktari mmisionari, alifungua Hospitali ya Mengo mwaka 1897, naye na wenzake wakaandika habari za kila mgonjwa kwa uangalifu. Mwaka 1964 jarida la madaktari wa Uingereza lilichapisha uchambuzi wa saratani katika kumbukumbu hizo, kuanzia 1897 hadi 1956. Watafiti waliweza kurudi nyuma miaka sitini na kuona kwamba saratani haikuwa ngeni Uganda, na kwamba uvimbe wa taya kwa watoto ulikuwepo tangu enzi za Cook. Uvimbe huo ndio alioueleza Denis Burkitt wa Hospitali ya Mulago mwaka 1958, na leo una jina lake pamoja na msimbo wake, C83.7. Kampala ilikuwa pia na rejesta ya saratani tangu 1954, miongoni mwa za mwanzo barani Afrika.

Eneo hilohilo lilionyesha pia ugumu wa kuhesabu ugonjwa usio na jina. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 watu wa Rakai, Uganda, na wa Kagera, Tanzania, walikonda na kufa kwa kuhara na homa zisizokwisha. Katika rejesta vifo hivyo viliandikwa kwa dalili au kwa ugonjwa nyemelezi, kama vile kifua kikuu. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI Tanzania walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na toleo la kumi likautengea ugonjwa utokanao na VVU misimbo B20 hadi B24. Vifo vya miaka iliyotangulia vilibaki vimetawanyika chini ya majina mengine. Mwaka 2020 hali ilikuwa tofauti. Shirika la Afya Duniani lilitoa mapema msimbo U07.1 kwa UVIKO-19 iliyothibitishwa maabara na U07.2 kwa iliyotambuliwa kwa dalili, ili nchi zisizo na vipimo vya kutosha nazo zihesabu wagonjwa wao.

Tanzania ilijenga mfumo wake wa kitaifa mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa jina la MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya. Kila kituo kilipewa vitabu vyenye namba, kikiwemo kile cha wagonjwa wa nje. Tabibu huchagua utambuzi kutoka orodha fupi, idadi hujumlishwa kwenye karatasi za tali, na ripoti hupanda kwenda wilayani. Orodha hiyo inafanana kwa nia na orodha fupi ya Bertillon: inamwezesha mhudumu mmoja wa zahanati mwenye foleni ndefu kutoa takwimu zinazotumika. Baadaye programu ya kompyuta ya DHIS2, yenye asili ya Afrika Kusini na Chuo Kikuu cha Oslo, iliingizwa kitaifa Kenya mwaka 2011, na Tanzania ilikuwa imeieneza nchi nzima kufikia mwisho wa 2013.

Wengi katika ukanda huu, hata hivyo, hufia nyumbani. Mwaka 1992 Wizara ya Afya ya Tanzania, kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Newcastle, ilianza mradi wa kufuatilia vifo, hasa vya watu wazima, Dar es Salaam, Hai na Morogoro Vijijini. Wahojaji walikwenda kwa wafiwa na kuuliza kwa utaratibu dalili alizokuwa nazo marehemu, kisha madaktari wakasoma majibu na kuamua sababu. Kazi hiyo ilihitaji Kiswahili cha nyumbani. Mama akisema mwanawe alifariki kwa degedege, mhojaji hakutakiwa kuandika malaria wala kifafa papo hapo. Alipaswa kuuliza kama mtoto alikuwa na homa, mishtuko ilianza lini, na kama shingo ilikaza. Kwa namna hiyo lugha ya mfiwa ilifikishwa kwenye msimbo bila kupotoshwa njiani.

Taaluma ya kumbukumbu za afya nayo imekua. Chuo cha mafunzo ya tiba cha Kenya, KMTC, kimefundisha maafisa kumbukumbu za afya kwa miongo kadhaa, na mwaka 2016 Bunge la Kenya lilipitisha sheria ya kuwasajili na kuwasimamia.

Misimbo na malipo

Marekani iliipa misimbo kazi mpya mwaka 1983. Robert Fetter na John Thompson wa Chuo Kikuu cha Yale walikuwa wamebuni njia ya kuwakusanya wagonjwa wa hospitali katika makundi karibu 470 yanayotumia rasilimali zinazokaribiana. Serikali ikaamua kuzilipa hospitali za wazee walio katika bima ya Medicare kiasi kilichopangwa kwa kila kundi, badala ya kulipa kila huduma iliyotolewa. Kundi la mgonjwa lilitokana na misimbo yake. Tangu hapo afisa aliyekaa masjala akawa anaamua mapato ya hospitali.

Faida ilikuwa kubwa, kwani hospitali zililazimika kuandika magonjwa kwa ukamilifu kuliko zamani. Hatari nayo ilikuja papo hapo. Kuandika nimonia ya kawaida kama nimonia nzito, au kuongeza matatizo ambayo mgonjwa hakuwa nayo, kuliongeza malipo. Pombe na bahashishi za wakaguzi wa Graunt zilikuwa zimerudi kwa sura ya ankara.

Afrika Mashariki imeanza kupita njia hiyo. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya wa Tanzania, ulioundwa kwa sheria ya 1999, huhakiki madai ya hospitali kwa kulinganisha ugonjwa ulioandikwa na dawa na vipimo vilivyotolewa. Kenya ilibadili mfumo wake wa bima ya taifa mwaka 2024. Kadiri bima inavyoenea, ndivyo msimbo unavyokuwa ushahidi katika mgogoro kati ya mlipaji na mtoa huduma, na ndivyo inavyokuwa lazima afisa anayeuweka alindwe asishinikizwe na upande wowote.

Toleo la kumi na moja

Toleo la kumi na moja lilipitishwa na Mkutano Mkuu wa Afya Duniani Mei 2019 na kuanza kutumika rasmi Januari 1, 2022. Lilitayarishwa tangu mwanzo kwa ajili ya kompyuta. Kipindupindu sasa ni 1A00, na misimbo kadhaa inaweza kuunganishwa ili kueleza ugonjwa, mahali ulipo mwilini, na dawa ambazo vimelea vyake vimezizoea. Kiharusi, kilichohesabiwa muda mrefu miongoni mwa magonjwa ya moyo na mishipa ya damu, kimehamishiwa katika magonjwa ya mfumo wa fahamu. Uamuzi kama huo hubadilisha takwimu bila mgonjwa hata mmoja kuongezeka au kupungua, hivyo anayelinganisha miaka lazima ajue ni toleo gani lililotumika.

Kompyuta hutafuta msimbo kwa kasi kuliko juzuu tatu za zamani, na programu zinazosoma maelezo ya daktari na kupendekeza msimbo zinazidi kutumika. Hakuna kati ya hizo inayoweza kuandika kilichoachwa. Faili lenye neno "homa" pekee litapata R50.9 ya toleo la kumi, homa isiyobainishwa, liwe limesomwa na binadamu au na mashine. Nchi inayotaka kujua wananchi wake wanaugua nini na wanakufa kwa nini inahitaji daktari aliyefundishwa kujaza cheti cha kifo, maabara inayothibitisha utambuzi, na afisa kumbukumbu mwenye ujuzi, muda na mamlaka ya kurudisha faili wodini pale maandishi yasipotosha. Vitatu hivyo hugharimu kidogo kuliko makosa ya mipango yanayofuata vinapokosekana.